Kisa cha Alta: mlima wa umma na mtu mwenye ubao

Mnamo Januari 2014, wapenzi wanne wa ubao wa theluji, pamoja na jumuiya isiyo ya kibiashara iitwayo Wasatch Equality, walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Utah, Marekani, dhidi ya kampuni inayoendesha kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Alta, Idara ya Misitu ya Marekani na msimamizi wa msitu wa taifa kilipo kituo hicho. Lalamiko lao lilikuwa jepesi kulieleza. Walikuwa wamenunua tiketi kama wateja wengine, wakaenda kwenye lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, wakazuiwa kupanda kwa sababu miguuni hawakuvaa skii mbili bali walikuwa na ubao mmoja. Alta, kituo kilichoanza kupokea wateja msimu wa 1938 hadi 1939, kinapokea watu wa skii tu.

Nimekitumia kisa hiki katika semina ya wanafunzi wa sheria hapa Dodoma, na nilikichagua makusudi. Katika chumba chote hapakuwa na mtu aliyewahi kugusa theluji, achilia mbali kuteleza juu yake, kwa hiyo hapakuwa na shabiki wa upande wowote. Ningeleta mgogoro wa bodaboda na daladala kugombea kituo, kila mmoja angekuja na hasira yake ya asubuhi. Kwa mlima wa Utah tulilazimika kusikiliza hoja yenyewe.

Kwanza mambo yalivyo. Mtu wa skii hufunga mbao mbili nyembamba, moja kila mguu, anatazama mbele anakokwenda na anashika fimbo mbili mikononi. Mtu wa ubao hufunga miguu yote miwili kwenye ubao mmoja mpana, anasimama ubavu, na hana fimbo. Ubao ulianza kama mchezo wa watoto: mwaka 1965 Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, aliunganisha skii mbili ili binti zake watelezee wakiwa wamesimama. Miaka kumi na miwili baadaye Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao za kutelezea za kuuza huko Vermont. Vituo vingi viliwakataa watu wa ubao mwanzoni, kisha kimoja baada ya kingine vikafungua milango; Stratton Mountain ya Vermont ilikuwa miongoni mwa vya kwanza, mwaka 1983, na ilipofika 1998 mchezo huo ulikuwa umeingia katika Olimpiki ya Nagano. Aspen Mountain iliondoa katazo mwaka 2001, Taos Ski Valley ya New Mexico ikafuata Machi 2008. Nchini Marekani vimebaki vituo vitatu tu vyenye katazo: Alta na Deer Valley huko Utah, na Mad River Glen huko Vermont.

Alta inatofautiana na wenzake wawili kwa jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake ni msitu wa taifa, ardhi ya shirikisho, ambayo kampuni inaitumia kwa kibali cha Idara ya Misitu na kuilipia ada. Mad River Glen ni mali ya ushirika wa watelezaji wenyewe tangu 1995, na Deer Valley kwa sehemu kubwa iko juu ya ardhi ya watu binafsi. Siwezi kuona kosa kubwa kwa wanaushirika walionunua mlima wao na kukubaliana watautumiaje. Lakini msitu wa taifa ni wa yule wa skii na wa yule wa ubao kwa kipimo kilekile, na wote wawili hulipa kodi ya kuutunza.

Wadai waliegemea kanuni ya ulinzi sawa wa sheria, ambayo asili yake ni Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1868. Walidai kwamba katazo halitokani na usalama wowote bali na chuki dhidi ya aina fulani ya watu, yaani vijana wenye nguo pana na misamiati yao, ambao wateja wa zamani wa Alta hawakutaka kuchangamana nao. Mawakili wa Alta walijibu kwa ukali kwamba kifungu kilichowekwa kuwalinda watu waliotoka utumwani kinadhalilishwa kinapovutwa kumtetea mtu na kifaa chake cha michezo. Jibu hilo lina uzito, na mtu yeyote anayejua historia ya kifungu hicho hatalipita haraka. Hata hivyo halijibu swali. Kwamba wapo walioonewa zaidi hakumaanishi kwamba aliyeonewa kidogo hana neno la kusema.

Kabla ya sheria, tulipima sababu zenyewe, na hapa ndipo semina ilipochangamka. Sababu ya kwanza na yenye nguvu ni upande usioonekana. Kijana mmoja kutoka Mpwapwa, aliyekuwa akitetea Alta kwa moyo wote, aliniomba ruhusa asimame. Alitoka mbele, akaweka mguu wa kushoto mbele na wa kulia nyuma kwenye mstari wa vigae vya sakafu, kifua akakielekeza madirishani, kichwa akakigeuza kuelekea mlangoni kana kwamba huko ndiko mlima unakoshukia. Kisha akamwomba mwenzake, "Dada, pita nyuma yangu taratibu, uje mpaka mlangoni." Binti akatembea kando ya ukuta, upande wa mgongo wake. Tulikuwa tukimwona sote, isipokuwa yeye. Alisema "nimekuona" binti alipokwisha kulingana na bega lake, na hapo, kama angekuwa ameegemea visigino kukata kona kwenda upande huo, wangekuwa wamekwisha gongana. Chumba kilinyamaza. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba hoja ya upofu wa mgongo ni kisingizio kitupu.

Lakini binti yule hakurudi kuketi. Alisema kwamba kila asubuhi akija chuoni anawaona waendesha baiskeli waliofunga magunia ya mkaa nyuma, magunia marefu kuliko wao, nao hawawezi kuona kinachokuja nyuma hata wakigeuza shingo. "Mbona hatuwafukuzi barabarani?" aliuliza. "Anayetoka nyuma ndiye anayemwona. Kwa hiyo anayetoka nyuma ndiye anayesubiri." Bila kujua, alikuwa ametamka kanuni ya tatu katika kanuni kumi za mwenendo za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji: anayetoka juu au nyuma achague njia isiyomhatarisha aliyeko mbele. Kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya watu wa skii na wa ubao kwa pamoja. Hazimuulizi mtu amevaa nini miguuni. Zinamuuliza mwendo wake, macho yake, mahali anaposimama, na kama anabaki kutoa msaada ajali inapotokea.

Sikusudii kusema kwamba tofauti ya vifaa ni ya kufikirika. Tabia zao mlimani hazifanani: mistari yao ya kukata kona ina umbo tofauti, wa ubao hukaa chini kwenye theluji kufunga viatu kwenye ubao au kupumzika, na hata majeraha yao si ya aina moja, kwani wa ubao huumia zaidi vifundo vya mikono na wa skii huumia zaidi magoti. Mchanganyiko wa mienendo isiyotabirika ni hatari, na mzee anayeteleza polepole, aliyewahi kupitwa kwa kasi upande wa sikio lake, ana haki ya kuogopa. Ila hofu hiyo ina dawa zinazojulikana katika vituo vyote vinavyopokea pande mbili: maeneo ya mwendo wa taratibu, askari wa doria mlimani, na kumnyang'anya tiketi mtu anayeteleza ovyo. Dawa hizo zinamgusa mkosaji, nalo katazo linamgusa hata yule ambaye kwa miaka ishirini hajamgonga mtu.

Sababu ya pili ni kwamba ubao hukwangua theluji na kuiharibu. Hii niliipa dakika chache tu. Mtu asiye na ujuzi hushuka mteremko mkali kwa kuburura ubavu na kusukuma theluji chini, iwe kwa ubao au kwa skii.

Sababu ya tatu ni ya umbo la mlima, nayo inastahili heshima kuliko ya pili. Ili kufika sehemu nyingi nzuri za Alta inabidi kukatiza mlima kwa ubavu, kwenye njia ndefu nyembamba, pengine tambarare. Wa skii husukuma kwa fimbo. Wa ubao, asiye na fimbo, akipoteza kasi hukwama, hufungua mguu mmoja na kuanza kuchechemea, na wote walio nyuma yake wanasimama. Ni kero ya kweli. Lakini ni kero anayoipata kwanza yeye mwenyewe, na mtu mzima akishaambiwa kwamba njia fulani haimfai, ana uwezo wa kuamua kama ataifuata au ataiacha. Inawezekana pia kufunga njia hizo chache kwa ubao bila kufunga mlima mzima.

Tena upo ushahidi ulio karibu kuliko mantiki yoyote. Katika bonde hilohilo la Little Cottonwood, jirani kabisa na Alta, kipo kituo cha Snowbird kilichofunguliwa mwaka 1971. Theluji ni ileile, miinuko inashikana, kuna tiketi ya pamoja ya vituo vyote viwili, na Snowbird inapokea watu wa skii na wa ubao. Mwenye skii huvuka mgongo wa mlima kwenda Alta na kurudi. Mwenye ubao hufika kwenye lango, akasimama. Kama ubao ungekuwa hatari isiyovumilika katika bonde hilo, Snowbird ingekuwa ya kwanza kuukimbia.

Sasa mahakama. Septemba 2014 Jaji Dee Benson aliitupa kesi, kwa sababu mbili: kwamba katazo ni uamuzi wa kampuni binafsi wala si wa serikali, na kwamba hata kama lingekuwa la serikali, zipo sababu za kimantiki zinazoweza kulibeba. Wadai walikata rufaa, na Aprili 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10 iliithibitisha hukumu kwa sababu ya kwanza peke yake. Haikugusa kabisa swali la kama katazo ni la haki. Hili nililirudia mara tatu kwa wanafunzi, kwa sababu watu wengi huisoma hukumu ile kana kwamba mahakama ilisema watu wa ubao ni hatari. Kilichoamuliwa na mahakama ya rufaa ni kwamba aliyefunga lango hakuwa serikali.

Wadai walikuwa wametegemea sana kesi ya Burton dhidi ya Wilmington Parking Authority ya mwaka 1961. Katika kesi hiyo mgahawa uliopanga ndani ya jengo la umma la maegesho, huko Delaware, ulikataa kumhudumia mteja kwa sababu alikuwa mweusi, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaona kwamba mwenye jengo na mpangaji walikuwa wamefungamana kiasi kwamba ubaguzi wa mgahawa ulikuwa ubaguzi wa serikali. Mahakama ya rufaa haikuona fungamano la namna hiyo kati ya Alta na Idara ya Misitu. Ardhi ni ya umma, ada inalipwa, mpango unakubaliwa, lakini katazo lilibuniwa na kampuni, na serikali haikuliamuru wala kulichochea.

Hapo kijana wa Mpwapwa alitoa hoja ambayo sikuitarajia, na ambayo ilinibadilishia sehemu ya mawazo yangu. Alisema kwamba sisi Watanzania tunapaswa kuwa wa mwisho kudai kuwa ardhi pekee inatosha, kwa sababu kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. "Mwalimu, kwa kipimo hicho," alisema, "mama ntilie pale nje naye ni serikali." Alikuwa sahihi. Kama kila anayesimama juu ya ardhi ya umma anabeba wajibu wote wa dola, basi hakuna mtu binafsi aliyebaki katika nchi hii, na kila mwenye duka atashitakiwa kikatiba kwa kumkatalia mteja aliyevaa ndala. Ibara ya 13(4) ya Katiba yetu ya 1977 nayo imejihadhari na jambo hilo: inakataza ubaguzi unaofanywa na mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria, au katika kazi na shughuli za Mamlaka ya Nchi. Na Ibara ya 13(5), inapoeleza maana ya kubagua, inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotoka, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Tulijaribu kuupenyeza ubao ndani ya "hali ya maisha" kwa robo saa nzima, na haukuingia. Mtu huweza kuushusha ubao na kukodi skii. Hawezi kuivua rangi yake mlangoni.

Kwa hiyo nakubali kwamba mahakama iliamua sawasawa. Nimefika hapo kwa shingo upande, lakini nimefika. Lakini mahakama kukaa kimya juu ya haki ya katazo hakulifanyi katazo kuwa la haki, na kisa hiki kina karatasi moja ambayo naona ina thamani kuliko hukumu zote mbili. Ni mpango wa uendeshaji wa msimu wa baridi, ambao mwenye kibali huuandaa na Idara ya Misitu huupitia. Katika mpango wa Alta kampuni ilijiwekea haki ya kukataza kifaa chochote cha kutelezea kwa sababu tatu: kikiwa kinaleta hatari isiyo ya lazima kwa mtumiaji au kwa wengine, kikiwa kinaharibu mno ubora wa theluji, au kikiwa hakiendani na maamuzi ya kibiashara ya uongozi.

Zisomwe tena hizo tatu. Mbili za mwanzo zinaweza kupimwa: hatari inahesabika, theluji inaonekana. Ya tatu haipimiki na mtu yeyote isipokuwa yule aliyeitunga. Hiyo ndiyo iliyofunga lango, kwa sababu mwenye nayo hahitaji kuthibitisha zile mbili. Mwenye nyumba yake anaweza kuitumia sababu kama hiyo kila siku na hakuna atakayemuuliza. Mpangaji wa msitu wa taifa anapoitumia, na afisa wa umma akaipitia na kuikubali, hapo naona mwenye msitu ameshindwa kumlinda mmoja wa wenye mali. Kushindwa huko hakuifanyi kampuni kuwa dola, na hapo mahakama ilikuwa sahihi. Kunamfanya afisa aliyekubali kuwa na la kujibu.

Njia ya kurekebisha ipo wazi, nayo haipiti mahakamani. Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya vibali vya maeneo ya skii mwaka 1986, iliyoruhusu vibali vya hadi miaka 40, lilizungumzia skii peke yake. Mwaka 2011 liliirekebisha na kuongeza michezo mingine ya theluji. Wenye kutunga sheria walikwisha kubali kwamba mlima wa umma si wa kifaa kimoja. Kilichobaki ni idara kulitafsiri hilo ndani ya masharti ya mipango inayopelekewa: mwenye kibali azuie kifaa kwa sababu ya usalama au hifadhi, aeleze sababu hiyo kwa maandishi, na aifanyie kazi njia kwa njia, sehemu kwa sehemu.

Nina neno kwa wale wanaosema watu wa skii nao wanahitaji mahali pao. Nawaelewa, na sidhani kwamba ni watu wabaya. Kuna utulivu fulani katika mlima ambao kila mtu anateleza kwa namna moja, na mtu aliyeupenda kwa miaka arobaini hapendi kuona unabadilishwa na wageni. Watu wa Taos walisema hayohayo kabla ya 2008, na Taos nayo iko ndani ya msitu wa taifa. Wanaotaka utulivu huo kwa dhati wanao mfano wa Mad River Glen: walichanga, wakanunua, wakawa na haki ya kuamua.

Mwishoni niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika upya kifungu kile cha sababu tatu. Wengi waliandika nusu ukurasa. Binti wa magunia ya mkaa aliniletea karatasi ile niliyomgawia, akiwa hajaongeza neno. Alikuwa amepiga mstari juu ya sababu ya tatu, na kando yake, kwa kalamu ya risasi, ameandika tarehe ambayo mwenye kibali anatakiwa kuwa amepeleka maelezo yake ya maandishi.